Mpaka wa Wekundu

Siku hiyo mjinga alikuwa Bonge, na mwenyewe hakatai. Alisimama kando ya kitanda cha mzee mgonjwa, wanafunzi wenzake wa udaktari wamemzunguka, akisubiri mpenzi wake Sindano, mmoja wao, amkanyage mguu.

Ndiyo ilikuwa siri yao. Nyekundu na kijani, kwa Bonge, zote ni rangi ya udongo. Basi wodini, kalamu au kidole chake kikigusa penye wekundu, Sindano humkanyaga kidogo.

"Mguu huu una maambukizi," alisema daktari bingwa, akimpa kalamu. "Chora wekundu unapoishia, kesho tujue kama umepanda."

Bonge akaweka kidole mguuni pa mzee, akasubiri. Hakukanyagwa. Akamtupia Sindano jicho. Sindano akarudi nyuma.

Leo nimekwisha, akawaza.

Akafumba macho. Akapitisha mgongo wa mkono juu ya ngozi ya mzee, taratibu, kutoka gotini kushuka. Baridi. Baridi. Moto! Akaweka nukta.

"Daktari, unanipima au unaniombea?" mzee akauliza.

"Vyote viwili, babu."

Wodi ikacheka, kisha wote wakainama kutazama. Nukta zilikuwa zinaungana, na mstari ulifuata wekundu kila kona, kama mshono unavyofuata pindo.

"Jamani, amefumba macho!" mmoja akanong'ona.

Sindano, aliyeiona nyekundu tangu azaliwe, alishika mdomo. Hakuwahi kujua kwamba ina joto.

Daktari bingwa akapitisha mkono wake palepale. Akarudia.

"Nani kakufundisha?"

"Shida, daktari. Nyekundu siioni."

"Basi kesho utawafundisha wanaoiona."

Ungedhani Bonge angefurahi. Wapi! Hata mlango hajauvuka, kashamwandikia Sindano kwenye simu: "Umenianika mbele za watu. Tuachane."

Jibu likaingia: "Geuka."

Sindano alikuwa nyuma yake, macho yamejaa machozi.

"Mpenzi gani anamwacha mwenzake azame?" Bonge akafoka.

"Kwani umezama?"

"Ningezama!"

"Bonge, nimeduwaa mpaka sasa. Nilirudi nyuma nijue kama utaweza bila mimi. Siku zote nilidhani nakusaidia, kumbe nakuzibia njia."

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa! Juzi nimekuposa, ukasema utafikiri. Ndiyo jibu lenyewe hili, kunitosa?"

Sindano akafuta machozi.

"Mke wako nitakuwa. Macho yako, sitakuwa."