Mfuko wa Upande wa Bomba

Pikipiki ya Method ilifika mezani kwa Nyanjige kabla ya Method mwenyewe. Ilikuwa Jumamosi, soko la Bariadi limefurika watu, na ule usukani mrefu ulinasa mikoba mitatu ya ngozi ukaiburuta mpaka kwenye nyanya za jirani. Nyanjige aliinuka na nyundo mkononi. Alivaa jinzi, aproni iliyokauka gundi na kilemba chekundu, na siku hiyo hakuwa na uso wa kucheka na mtu.

Jamaa akazima injini, akavua kofia ngumu, akaiokota mikoba na kuipangusa kwa mkono wa shati lake jeupe lililonyooshwa pasi.

"Mwangaluka, mayu," akaamkia kwa Kisukuma. "Samahani sana. Mimi na hii pikipiki bado hatujazoeana."

"Mzoeane barabarani. Hapa ni meza ya mtu."

Basi wakafahamiana hivyo. Method alikuwa bwana mifugo, mzaliwa wa Shishiyu kule Maswa, na hiyo pikipiki, aina ya kruza, aliinunua Mwanza kwa mtu aliyekwisha kuichoka. Bariadi nzima watu wana pikipiki za kubebea magunia. Yake ilikuwa pana, nyeusi, ya chini, haina hata keria. Boksi la chanjo alikuwa akilifunga kwa mipira ya baiskeli, na lilishamdondoka mara mbili. Akaitazama ile mikoba aliyoipangusa, akauliza kama fundi anaweza kumshonea mifuko ya pembeni, mmoja kulia na mwingine kushoto. Nyanjige akasema anaweza, yeye achague tu ngozi au turubai.

Achague tu! Laiti angejua. Jumatatu alichagua ngozi. Jumatano akataka turubai, maana aliona wingu. Ijumaa akaja na picha kwenye simu, mifuko ya plastiki ngumu yenye kufuli, akauliza fundi anaionaje. Fundi akasema anaiona kwenye simu. Wiki iliyofuata walirudi kwenye ngozi, ila sasa ikawa vifungo vya mkanda au zipu, kisha nyeusi au kahawia. Kila jambo aliliandika kwenye kijidaftari, na kesho yake akaliuliza upya.

Kitu kimoja tu Nyanjige hakumpa nafasi ya kuchagua. Bomba la moshi la pikipiki ile lilipita upande wa kulia, na mfuko wa kulia ungekaa juu yake. Alimchutamisha pale pale sokoni akamwonyesha: hapa kuna kipande cha chuma cha kuushikilia mfuko usiguse tairi, na hapa, kati ya mfuko na bomba, kuna bati. Bila bati ngozi inaiva, na kilichomo ndani kinaiva pia. Method akaandika.

Jioni alipiga simu.

"Fundi wangu, umeshakula?"

"Nimekula. Zipu au mkanda?"

"Sauti yako imechoka."

"Imechoshwa na wewe."

Akacheka, na Nyanjige akajikuta anatabasamu peke yake chumbani, jambo lililomuudhi kuliko zipu. Simu ikawa kila jioni. Method alimsimulia habari za ng'ombe wa Kiloleli waliokataa sindano. Naye akamsimulia kwao Mkula, mama yake Monika na mzee wake Maganga, mzee anayesali Jumapili na kuheshimu ya mababu siku sita zilizobaki. Walizungumza kila kitu isipokuwa lile moja, na Nyanjige alilingoja. Wiki tano alilingoja. Joyness, muuza vitenge wa meza ya pili, alimwambia mwanaume yule hana shida na mfuko wowote, anatafuta sababu ya kuja. Nyanjige akajibu kwamba kama ni hivyo, basi aseme, kwani mdomo anao.

Wiki ya sita alichoka. Akapendekeza boksi moja kubwa la kufunga nyuma, mambo yaishe. Method akakataa papo hapo, bila kufikiri, kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane.

"Hapana. Kiti cha nyuma kina mwenyewe."

Nyanjige akatua nyundo. Method akafungua kijidaftari akasoma: mfuko wa kulia uingie blanketi zito la mzee, likunjwe mara nne. Wa kushoto uingie vitenge vya mama na vitu vingine.

"Mzee gani?"

"Wa ukweni, Mungu akijalia," akasema Method, akamtazama.

Kumbe ana ukweni pa kwenda. Wiki sita za umeshakula na sauti yako imechoka, kumbe alikuwa anashonesha mifuko ya kupeleka posa kwa watu! Moyo ulimuuma Nyanjige, uliuma kweli, na hakuonyesha. Method, kana kwamba hayo hayatoshi, akamwomba amchagulie kitenge cha mama mkwe pale kwa Joyness. "Chagua unachoona kinafaa wewe," alisema. Nyanjige akachagua cha kijani chenye maua ya njano, anachokipenda mama yake, kwa kuwa hakuwa na mama mwingine wa kumfikiria. Baadaye Joyness akamnong'oneza kwamba Method amesema safari ni ya Busega. Mkula nayo ni Busega, lakini Busega ina wasichana wengi, na hakuna aliyemwambia Nyanjige kwamba ni yeye.

Alishona siku tatu kwa hasira, na mifuko ikatoka mizuri kuliko yote aliyowahi kushona. Ngozi ya kahawia, uzi uliotiwa nta, mikanda miwili kila upande. Likabaki bati. Alilishika, akaligeuza, akalisukumia chini ya meza. Alijua kabisa anachofanya.

Ijumaa Method alikuja kufungiwa mifuko. Akaipapasa, akaisifu kila mshono, wala hakuchungulia nyuma ya ule wa kulia.

"Usinipigie tena," Nyanjige alimwambia. "Kazi imekwisha."

"Nyanjige, nimekosea nini?"

Alishamgeukia mteja mwingine.

Kesho yake, jua halijapanda sana, simu ikaita. Ilikuwa mama yake, na alizungumza kwa sauti ya chini ya mtu aliyejificha jikoni. Kuna bwana mifugo hapa, alisema, amekuja kukuposa na pikipiki inayotoa moshi. Mfuko umeungua. Baba yako ameumwagia maji ya kunyweshea ng'ombe, na blanketi walipolikunjua lina matundu manne yaliyopangana. Baba anasema zawadi iliyoungua haipokelewi nyumba hii, aondoke nayo na asirudi.

Nyanjige akakaa juu ya boksi la misumari.

"Amesema nani kamshonea?"

"Amesema fundi hana kosa. Yeye ndiye aliyeharakisha, bati akalikataa mwenyewe. Mwanangu, mbona hukutuambia?"

"Na kitenge?"

"Kitenge nimeshakivaa."

Meza akamwachia Joyness. Alichukua bati, sindano, uzi na vipande vya ngozi, akapanda gari la Lamadi. Njia nzima alijitukana kimoyomoyo, kisha akamtukana Method, kisha akajirudia mwenyewe, kwa kuwa ndiye aliyestahili zaidi.

Aliwakuta uani. Blanketi limeanikwa kwenye ua wa minyaa na mwanga unapita kwenye matundu. Method yupo kwenye kigoda, shati jeupe limejaa masizi, anafunga kijidaftari kama mtu anayeaga. Nyanjige akapiga magoti mbele ya baba yake akaamkia. Hakunyanyuka.

"Baba, moto huo ni wangu. Bati niliacha kulifunga, makusudi."

"Kwa nini?" akauliza Mzee Maganga.

"Nilidhani blanketi ni la baba wa mwingine."

Mama akafunika mdomo kwa pindo la kitenge. Mzee akamgeukia Method. "Wewe hukumwambia kwamba unakuja hapa?"

"Nilimwambia, mzee. Nilisema ukweni. Nikamtazama."

"Ukamtazama," Mzee Maganga akarudia.

Nyanjige akainuka. Uoga wote ulikuwa umemtoka, zimebaki wiki sita za kungoja. "Kwa mfuko mmoja umeniuliza maswali arobaini. Hili moja ukaniachia nikisie? Umeweza kumwambia baba yangu, mimi ukashindwa?"

"Baba yako hana ulimi kama wako."

"Niambie sasa. Hapa hapa, mbele yao."

Method akasimama. Akakitazama kijidaftari, akakirudisha mfukoni. "Nakupenda, Nyanjige. Nataka nikuoe wewe. Hapo sina la kuchagua."

Nyanjige akaenda kwenye ua wa minyaa. Akachukua lile blanketi, akaketi chini, akaanza kushona kiraka cha kwanza huku machozi yakimdondokea kwenye uzi.

Mzee Maganga alizunguka uani, akaenda mpaka zizini, akarudi. Alisema kama mkono uliounguza ni wa nyumba hii, basi balaa haikutoka nje, na aliyetoboa azibe. Blanketi atalipokea. Ila kijana arudi na mshenga, kama watu wanavyofanya, na wapange siku kabla hajaondoka.

Viraka vinne vya ngozi viliisha saa tisa alasiri. Nyanjige akalifunga bati nyuma ya mfuko wa kulia, akaukaza mkanda. Method akafungua mfuko wa kushoto, akatoa kofia ngumu mbili mpya, moja nyekundu na moja nyeusi. Alikiri kwamba dukani alishindwa kuchagua. Nyanjige akavaa nyekundu juu ya kilemba, akapanda kiti cha nyuma, akashika shati lenye masizi. Mzee Maganga akajifanya anahesabu ng'ombe.

"Mshenga aje Jumamosi au Jumapili?" Method akauliza, injini ikiwa imeshawaka.

"Jumamosi."

"Ila Jumapili mzee atakuwa ametoka kusali, labda ingekuwa..."

"Method."

"Naam."

"Jumamosi. Endesha."