Maji ya Nyakagezi

Mwaka 1979 nilikuwa na miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa darasa la sita, na kila asubuhi niliamshwa na sauti ya jiwe. Mama yangu, Marsiana, alikuwa akipiga magoti nyuma ya nyumba na kusaga mihogo mikavu kwa mkono, mdogo wangu akiwa amelala mgongoni mwake. Mimi nilifagia uwanja, nikanawa uso, nikala kiporo cha maharage, kisha nikachukua daftari langu na kukimbilia kijitoni kabla ya kengele ya shule.

Baba alikuwa Uganda. Aliondoka na mgambo wenzake wakati wa vita, na ingawa vita vilikuwa vimekwisha, yeye alikuwa hajarudi. Kazi zote zilimwangukia mama. Vifundo vya mikono yake vilivimba kwa kusaga hadi akawa anavifunga vitambaa. Nilipomwambia apumzike, alicheka akaniuliza kama leo tutakula hewa.

Msidhani kijiji chetu hakikuwa na mashine ya kusaga. Tulikuwa nayo! Kijiji chetu cha ujamaa, kule upande wa Bugarama wilayani Ngara, kilikuwa na eneo lake la viwanda vidogo: banda la mashine, banda la maseremala na banda la wahunzi. Lakini mashine ilitaka dizeli, na dizeli ilikuwa imekwenda vitani. Tangu Krismasi mashine ilikuwa kimya, na kuku wa mwenyekiti walikuwa wakitaga mayai chini yake.

Ndipo akaja Fundi Ndassa, Msukuma mrefu mwenye maneno machache, aliyetumwa kutoka wilayani. Alisema kijiji kinaweza kuachana na dizeli. Alikuwa na mtambo mdogo wa kufua umeme kwa nguvu za maji, wa kutosha kuendesha mashine ya kusaga na msumeno wa maseremala. Ila waya wake ulikuwa mfupi, kwa hiyo mabanda yote yangevunjwa na kujengwa upya karibu na maji. Halmashauri ya kijiji ilitakiwa kuamua ni maji yapi: kijito cha Nyakagezi kilichopita karibu kabisa na nyumba zetu, au kijito cha Muhweza, nyuma ya kilima, mwendo wa nusu saa.

"Msiamue kwa macho," alisema Fundi Ndassa. "Pimeni wakati wa kiangazi, maji yakiwa machache. Kijito kitakachoshuka chini ya alama ya nane hakifai. Mtambo hautazunguka."

Akachomeka kijiti chenye alama katika kila kijito. Mwalimu Pancras akatuchagua wanafunzi wawili tusome alama hizo kila siku kwa wiki sita. Gozbert alipewa Muhweza, mimi nikapewa Nyakagezi. Moyoni nilikwisha kuchagua. Mashine ikijengwa Nyakagezi, mama angeisikia ikinguruma akiwa jikoni kwake.

Mwezi wa saba ulikwenda vizuri. Nilisoma kumi na moja, kumi, tena kumi. Mwezi wa nane jua likazidi ukali. Tisa. Tisa. Kisha asubuhi moja nikasoma nane, nikainama nikasoma tena, ikawa nane ileile.

Jioni hiyo nilikwenda kuteka maji nikamkuta jirani yetu, Bibi Kankindi, ameinama kijitoni hatua chache chini ya kijiti. Kwetu mihogo michungu huvundikwa majini siku tatu nne ndipo ianikwe, na maji yalikuwa yamepungua mno, mihogo yake imebaki nje.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwana wanje, mwanangu. Hebu nisaidie mawe haya, mgongo wangu haukubali."

Nikamsaidia. Tulipanga mawe, tukayaziba kwa magome ya migomba na udongo, kama wanawake wote wa kijiji walivyofanya kila kiangazi. Maji yakajaa nyuma ya mawe, mihogo ikazama, na Bibi Kankindi akanishukuru sana.

Asubuhi yake kijiti kilisoma kumi na moja.

Nilijua sababu. Maji hayakuwa yameongezeka hata kikombe kimoja. Yalikuwa yamesimama tu. Lakini niliandika kumi na moja kwa mwandiko mzuri. Mwalimu Pancras alipoona akashangaa.

"Deodata, maji yamepanda! Labda mvua imenyesha huko juu?"

"Labda, Mwalimu," nikajibu.

Neno hilo moja lilinitoka kirahisi, na kwa wiki mbili zilizobaki sikulala vizuri. Kila Bibi Kankindi alipotoa mihogo, wanawake wengine waliweka yao, na maji yakabaki juu. Nilijiambia kwamba mimi naandika ninachokiona, kwa hiyo sisemi uongo. Nilijiambia hivyo mara nyingi, na mtu anayesema kweli hahitaji kujiambia mara nyingi vile.

Siku ya kuamua ikafika. Watu walijaa banda la maseremala, wengine wamekalia mbao, watoto wananing'inia madirishani. Mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Theonest, alimpa nafasi Fundi Ndassa asome vipimo vyetu. Muhweza: haikupita tisa, haikushuka chini ya nane. Nyakagezi: haikushuka chini ya nane, na siku nyingi ilikuwa kumi na moja.

"Basi kazi imekwisha," alisema Ndugu Theonest kwa furaha. "Nyakagezi ina maji mengi na iko mlangoni petu. Jumatatu tunaanza kuvunja mabanda. Nani atajitolea kubeba mawe ya mfereji?"

Mama yangu alisimama wa kwanza, mtoto mgongoni, akainua mikono yake yenye vitambaa.

"Mimi nitabeba," alisema. "Hata mikono hii ikikatika nitabeba, maana najua ninakokwenda kupumzika."

Watu wakampigia makofi. Mimi nikahisi machozi. Nilimwona mama akibeba mawe mwezi mzima, mabanda yakivunjwa, mtambo ukifungwa, kisha maji yakigoma, na yeye akirudi kwenye jiwe lake. Sikujua nilisimama saa ngapi.

"Msivunje mabanda!" nikasema. "Vipimo vyangu si vya kweli."

Mwalimu Pancras alinitazama kama hanijui.

"Mtoto, unajua unachosema?" akauliza mwenyekiti.

Nikasema yote: mawe, magome ya migomba, mihogo, na lile "labda" langu. Seremala mmoja akaguna kwa hasira kwamba watoto hawapewi kazi za watu wazima. Hapo Bibi Kankindi akanyanyuka na fimbo yake.

"Mawe ni yangu, mimi na wanawake wenzangu. Mnataka kumla mtoto mzima mzima?"

Fundi Ndassa hakugombeza mtu. Alivaa kofia yake na kusema, "Twendeni tukaone."

Kijiji kizima kikateremka Nyakagezi. Wanaume wawili wakaondoa mawe, na maji yakatoka kwa kishindo, yakapita, yakaisha. Tulingoja mpaka yakatulia. Fundi Ndassa aliinama kusoma kijiti, kisha akaniita nisome mimi mwenyewe kwa sauti.

"Tano," nikasema.

Fundi alivua kofia akajifuta jasho. "Na mimi nina kosa," alisema. "Kwetu mihogo tunaimenya na kuianika juani tu. Sikujua kwamba huku mnaivundika kijitoni, wala sikuuliza. Lakini wewe, binti, ulijua."

"Nilijua," nikasema. "Nilitaka mashine iwe karibu na mama."

Mama alinishika bega, na mkono wake ulikuwa na joto.

Halmashauri iliamua siku ileile: eneo la viwanda lihamie Muhweza. Mwalimu Pancras alinipa adhabu ya kupima kijito hicho na Gozbert kila siku mpaka mvua zianze, nusu saa kwenda, nusu saa kurudi, na safari hii tulikagua pia juu na chini ya kijiti. Niliifanya adhabu ile kwa moyo mweupe.

Tulijenga miezi saba. Mtambo ulipowashwa, mashine ilinguruma na watu wakashangilia mpaka sauti zikakauka. Lakini siku ninayoikumbuka zaidi ni ya kiangazi kilichofuata. Jua lilikuwa kali kuliko la mwaka uliopita. Mama na mimi tulivuka Nyakagezi tukielekea mashineni, debe la mihogo kichwani kwa kila mmoja wetu, na tulivuka bila kulowa miguu. Kijito kilikuwa kimekauka, mchanga mtupu.

Kule Muhweza maji yalikuwa yakikimbia na mashine ikisaga. Ndugu Theonest, aliyekuwa kwenye foleni na debe lake kama sisi, alimwambia mama, "Mama Deodata, kijiji hiki kinamshukuru mwanao." Nikaangalia chini kwa haya.

Tukiwa tunarudi, unga bado una joto, mama alisimama kilimani kupumua.

"Deodata, ulitaka kunipa mashine ya karibu," alisema. "Ulifanya hivyo kwa kunipenda, najua. Lakini uongo hata ukisemwa kwa mapenzi hausagi mihogo. Ulipojisahihisha mbele ya watu, uliniongezea kilima hiki cha kupanda. Nakipanda kila wiki, na kila wiki namshukuru Mungu kwamba ulisimama."

Akajitwisha debe lake vizuri, akatangulia mbele, akiimba.