King'ora cha Kiwanda cha Meli

Ijulikane kwa wakubwa na wadogo kwamba asubuhi hiyo Chokochoko, bingwa wa vituko wa darasa la sita, aliondoka nyumbani kwa heshima zote. Sweta lake tu lilikuwa ndani nje.

Alimwacha baba yake akimenya viazi. Baba huyo alikuwa fundi wa kuchomelea meli, lakini kiwanda kilifungwa kwa kukosa wanunuzi. Hata hivyo, kila alfajiri aliamka, akanyoa ndevu, kisha akakosa pa kwenda.

Njia ya shule ilipita langoni mwa kiwanda. Ndani ilisimama meli nusu, mbavu nje, ikitafunwa na kutu. Mlinzi alikuwa ameenda kuchota maji. Ukutani palikuwa na king'ora cha kuzungusha kwa mkono, kilichowaita mafundi kazini enzi zile.

"Huthubutu!" rafiki yake, aliyeandamana naye kwenda shule, alimchokoza.

"Mimi? Hebu nishikie begi!"

Akazungusha mpini uliojaa grisi. King'ora kikalia mtaa mzima, nao wakacheka mpaka machozi.

Mara kicheko kikawakauka. Mafundi walikuwa wanakuja mbio, huyu na kofia ya chuma, yule kamba za buti zikiburuta. Mbele yao alikuwa baba yake Chokochoko, ndani ya ovaroli iliyopigwa pasi.

"Tumeitwa! Kazi imerudi!" baba alipaza sauti.

Rafiki alitimua mbio. Chokochoko akajibanza nyuma ya nguzo.

Mlinzi alirudi na ndoo yake. "Kazi gani, jamani? Sijamwita mtu."

"Unatuchezea, mzee?" Fundi rangi alimkwida shati. "Tutakushtaki, ufukuzwe na wewe!"

Ndipo baba akaiona nguzo, na viganja vilivyojaa grisi vikiikumbatia.

"Mwachieni mzee wa watu," alisema. "Mwanangu, toka useme."

"Shikamooni," Chokochoko alisema kwa sauti ya mbu. "Ni mimi. Babu, nisamehe. Nisameheni nyote."

Shati likaachiwa. Hakuna aliyemgombeza, na hilo lilimuuma zaidi. Waligeuka mmoja mmoja, kofia mikononi.

Baba alichuchumaa mbele yake. "Mtu akiteleza, akainuka, mcheke. Lakini usichezee tumaini lake. Likianguka hilo, haliinuki upesi. Umenielewa?"

"Nimeelewa, baba. Ulikuwa utani tu."

Baba alimkazia macho.

"Siyo utani tu," Chokochoko alikiri, akilia. "Nilitaka nikuone tena ukienda kazini."