Kifuniko Chenye Matundu

Nilikwenda kwa mzee Okko Harms Jumanne moja ya Novemba, saa tisa na nusu alasiri. Mwanga ulikuwa umeshaanza kuondoka.

Nilifuata akriliki, ile plastiki ngumu inayong'aa kama kioo. Mimi hufuga tarantula, wale buibui wakubwa wenye manyoya, na makasha yao hutengeneza mwenyewe. Ya dukani siyapendi. Vifuniko vyake ni vya wavu, na wavu hunasa kucha za buibui. Ananing'inia pale mpaka mguu unakatika.

Mzee Okko alikuwa fundi wa matengenezo kwenye nyumba ya wazee hapa mjini Leer kwa miaka thelathini. Alipostaafu alihama na mabaki yote ya vifaa vya pale, akayapanga bandani nyuma ya tuta la mto.

"Kuta za ubavuni chukua milimita nne," aliniambia. "Kifuniko usiweke chembamba. Ndani unyevu, nje kukavu, kitajikunja kama jani."

"Najua, mzee. Cha mwisho kilijikunja, buibui akatoka. Tulimkuta ndani ya kiatu."

"Chako?"

"Cha mume wangu. Siku hizi anaishi kwa dada yake."

Alicheka mpaka akakohoa. Akawa anagonga kipande kimoja kimoja kwa ukucha, anatega sikio. Hiki kimemiminwa kwenye kalibu, alisema, toboa bila wasiwasi. Hiki kimeshindiliwa kwa mashine, ukikitoboa kinapasuka.

Ndipo nikakiona kimoja nyuma kabisa, kimegeuziwa ukutani. Milimita tano. Na kilikuwa na matundu tayari, yamepangwa kwa duara, safi kabisa. Hewa ya buibui hiyo, nikajisemea. Kazi imekwisha.

"Na hiki?"

Alikiangalia, akaacha kugonga.

"Hao buibui wako... wanaongea?"

Nilidhani ananitania. "Hata mlio hawana, mzee."

"Na wewe huongei nao?"

"Sijafika huko."

"Basi chukua. Bure."

Alinifungulia mlango hata kabla sijakishika vizuri.

Nilikikata kikawa kifuniko cha Frieda, buibui jike niliyekaa naye miaka kumi na minane. Kufika Alhamisi alikuwa ameyaziba matundu kwa utando, moja baada ya jingine. Sijawahi kumwona akifanya hivyo. Alibakiza moja tu, la katikati.

Ijumaa, saa kumi jioni, nilikuwa namimina chai. Nilisikia bonge la sukari ya mawe likipasuka kwa joto kikombeni, kama kawaida. Kisha nikasikia kitu kingine.

Pumzi.

Juu ya kifuniko palikuwa na ukungu, duara dogo, ukubwa wa mdomo. Chumba kilinuka dawa ya kusafishia sakafu, na maua yaliyokaa kwenye maji siku nyingi.

"Imke...?"

Frieda alikuwa amejibana pembeni, miguu yote ameikunja juu yake.

"Imke... umekuja?"

Ilikuwa sauti ya bibi kizee. Haikuwa ya mama yangu, na mimi siitwi Imke. Lakini mama yangu naye alikufa majira yale ya baridi, wakati wa korona, ulipokuwa ukimwona mzazi wako kwenye nyumba ya wazee nyuma ya kizuizi cha plastiki tu, nusu saa, kwa zamu. Zamu yangu ya mwisho sikwenda. Nilipiga simu nikasema nina mafua. Sikuwa na mafua.

Nikaelewa matundu yale yalikuwa ya kuongelea.

Ningepaswa kutoka nje. Badala yake niliinama.

"Ndiyo, mama. Nimekuja."

Pumzi ilitulia. Ukungu ukafutika taratibu.

Kesho yake saa kumi, tena. Na keshokutwa yake. Aliniuliza kama nimekula. Alinisimulia habari za mbwa wao aliyezama mferejini. Mimi nilijibu, ndiyo, mama. Wiki ikapita, Frieda akaacha kula, nikamhamishia kwenye kasha jingine. Saa ile sikuwa natoka tena nyumbani. Nilikuwa naogopa, na nilikuwa naisubiri.

Mwishowe nilikifunga kifuniko kwenye blanketi, nikakirudisha kwa mzee Okko. Alisimama mlangoni, hakunikaribisha.

"Ulijibu?"

"Nilijibu."

Alikaa chini pale pale kizingitini.

"Mimi miaka minne sikujibu," alisema. "Vizuizi vingine vya chumba cha wageni nilivikatakata. Hiki, kila nikileta msumeno, kinamwita mtu."

"Imke ni nani?"

"Binti yake bibi Antje. Bibi alimsubiri mbele ya hiki siku kumi na mbili. Tulimkuta kwenye kiti, amekufa. Binti akafika kesho yake."

Nilirudi nyumbani na kifuniko, na namba ya simu aliyonipa mzee. Imke alikuwa anaishi mji wa Aurich. Nilidhani atanikatia simu. Alikuja kwangu Jumapili, mwanamke wa miaka sitini, akakaa bila kuvua koti la mvua.

Saa kumi ukungu ukatokea.

"Imke... umekuja?"

Imke alisogeza kiti. Aliinama mpaka midomo ikakaribia kugusa matundu.

"Mama. Ni mimi. Nimekuja."

Ukungu ulipungua.

"Wewe nani?" sauti iliuliza. "Imke wangu yupo. Anakuja kila siku."

Imke aligeuka, akaniangalia.

"Ulimwambia nini?" alinong'ona.

"Nilimwambia nimekuja."

Nilingoja anipige. Hakunipiga.

"Mwambie ukweli."

Niliinama. "Mama, huyu ndiye Imke. Mimi siye."

Sauti ilicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyezoea kutaniwa. "Acha utani, mwanangu."

Imke alisimama. Akafunga vifungo vya koti, kimoja kimoja, akakosea, akaanza upya.

"Basi muulize," alisema, hata sikumsikia vizuri. "Muulize kama siku ile ya mwisho alisikia baridi."

"Mama... siku ile ulisikia baridi?"

Ukungu ulitanda, ukajaa kifuniko kizima toka ukingo hadi ukingo.

"Bado naisikia," sauti ilijibu. "Mwambie huyo mgeni afunge mlango akitoka."

Imke alitoka, akaufunga polepole, bila kutoa sauti.

Mimi nilibaki.