Maji Yenye Harufu ya Moshi

Kufuli la bomba la tatu lilikuwa limefunguliwa, halikuvunjwa. Kabale alilitazama likining'inia. Ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi, mtaani Bulla Pesa, kwenye ploti iliyokuwa zamani kituo cha mafuta. Tangi lililozikwa pale lilishang'olewa, lakini petroli iliyovuja ilibaki ardhini, na kazi ya Kabale ilikuwa kujua inaelekea wapi. Mabomba manne membamba yalishuka hadi kwenye maji ya chini ili ayapime kila mwezi. Mwezi uliopita la tatu lilinuka petroli, na ng'ambo tu ya ua palikuwa na kisima kilichonywesha nusu ya mtaa. Leo likinuka tena, kisima kingefungwa. Lisiponuka, watoto wangeendelea kunywa.

Aliteremsha chupa kwa kamba, akaivuta. Maji yalikuwa maangavu, bila harufu ya petroli.

"Si hiyo ni habari njema?" akauliza Konstebo Ekitela, aliyekuja kumsindikiza.

"Ngoja, afande." Akapima kina. Maji ya bomba lile yalisimama juu kuliko ya mengine yote. "Maji ya chini hujisawazisha yenyewe. Haya yamemwagwa humu asubuhi hii. Hayajapata muda wa kushuka."

Ufunguo ulikuwa wa Mworia, mwenye ploti. Alipopigiwa simu alifika kwa boda, begi bado mgongoni.

"Mzee, maji yakipimwa safi, wewe hutalazimishwa kugharamia kusafisha udongo," Ekitela akamwambia. "Nani mwingine angefaidika?"

"Mimi? Nimeshuka saa hii kwa gari kutoka Maua! Dereva anakunywa chai pale steji, muulize. Na ningekuwa mjanja hivyo, afande, si ningefunga kufuli?"

"Na ufunguo?"

"Nilimwachia jirani, Mama Lul. Yeye ndiye huniangalizia ploti."

Kabale alinusa chupa tena, akafumba macho. Kulikuwa na kitu: moshi wa kuni, mtamu, kama wa vibuyu vya maziwa vya nyanyake. Akampa Ekitela.

"Hii ni chai ya nyumbani kabisa," Ekitela akacheka. "Imekosa majani tu."

Ng'ambo ya ua, Lul, muuzaji wa maziwa ya ngamia, alikuwa ameinamisha mitungi yake juu ya vijinga, akiifukiza ili maziwa yasiharibike.

"Salaam aleikum, mama."

"Aleikum salaam, binti yangu. Karibu maziwa."

Sauti ya Kabale ikatoka ndogo. "Mama, ulimwaga mitungi mingapi kwenye bomba?"

"Bomba gani? Nani anasema ameniona?"

"Hakuna aliyekuona. Maji yananuka moshi."

Lul akanusa viganja vyake. "Mimi sisikii moshi wowote."

"Umeuzoea, mama. Njoo uone kitu."

Kabale alivuta maji yote yaliyomwagwa, kisha wakangoja ardhi ilete yake. Chupa ilipopanda, aliiinua juani. Utando mwembamba ulielea juu ya maji, ukageuka zambarau, kijani, dhahabu. Mworia alivua kofia. Petroli iliyomvujia miaka yote aliyouza mafuta pale ilikuwa ikitembea gizani, polepole, chini ya vitanda vya watu, bila kuchoka. Rangi zake zilipendeza mno, na Kabale aliogopa kupumua.

"Subhanallah," Lul akanong'ona. Kisha akaketi chini. "Kile kisima alikichimba marehemu mume wangu, kwa mikono. Siuzi hata kikombe. Kila anayekunywa, thawabu inamfikia kaburini. Mkikifunga, nani atampelekea?"

Kabale aliona aibu kusema, lakini akasema. "Na hii, mama, watoto wakiinywa? Hii nayo inamfikia?"

Lul aliinuka, akaenda kisimani, akafungua kamba ya ndoo, akamkabidhi Kabale.

"Utakuja kituoni kuandikisha taarifa, mama," Ekitela akasema, kwa upole kuliko alivyokusudia.

"Nitakuja."

Asubuhi iliyofuata Kabale alikuja kubandika tangazo kisimani. Kwenye lango la Lul palikuwa na mitungi miwili ya maji, yaliyoletwa kwa punda kutoka bomba la mtaa wa Wabera, na kikombe juu yake. Lul akamjazia.

"Kunywa, binti yangu. Haya nayo ni thawabu ya marehemu."

Kabale alikunywa kikombe kizima. Yalinuka moshi.