Kipimo cha Saa Nzima

Kokuberwa hakuwa na kasha la kompyuta, hakuwa na kitabu cha ufundi, hakuwa na feni ya kiwandani, wala meza ya peke yake. Kompyuta yake ilikaa juu ya ubao, vifaa vyote vikiwa wazi, kando ya benchi la mjomba wake Ildefons, fundi wa redio na simu mjini Muleba.

Kila alipotoka shule, msichana huyu wa miaka kumi na mitatu alifagia kibanda cha mjomba, kisha akauendea ubao wake. Prosesa, yaani kile kifaa kinachofanya hesabu zote za kompyuta, hupata moto sana. Kokuberwa aliipoza kwa maji. Pampu ndogo iliyatoa maji chupani kwa mpira mwembamba, ikayapitisha ndani ya kipande cha shaba juu ya prosesa, yakaenda kupoa kwenye rejeta ya pikipiki chakavu, kisha yakarudi chupani.

Jumatatu alikuwa ametuma fomu ya maonyesho ya sayansi ya Bukoba. Shule tano tu zenye vipimo bora zingeitwa. Fomu iliuliza joto la prosesa baada ya saa moja ya kazi. Aliandika nyuzi 58.

Alhamisi, Wilbert wa darasani kwao alikuja kutazama. Baada ya dakika arobaini joto lilifika nyuzi 93, kompyuta ikajizima.

"Mawe!" Wilbert akacheka. "Weka sufuria hapo tupike ebitoke, ndizi za chakula cha jioni."

"Nyamaza wewe! Baiskeli yako yenyewe haina breki."

"Haina, lakini sijaijazia fomu."

Mjomba Ildefons akainua kichwa. "Koku, kwenye fomu uliandika ngapi?"

"Hamsini na nane, mjomba."

"Baada ya saa moja?"

Kokuberwa aliutazama mpira wa maji. "Baada ya dakika tano. Nilijua nikisubiri itapanda."

Mjomba hakugomba. Alichukua bisibisi, wakafungua kile kipande cha shaba. Vijia vyembamba vya maji vilikuwa vimezibwa na vipande vya nyasi vyenye utelezi.

"Nyasi zimefikaje huku?"

"Niliziweka chupani zichuje uchafu. Nyumbani juisi ya ndizi tunaichuja kwa nyasi, inatoka safi."

"Juisi inapita mara moja, tunakunywa. Maji haya yanazunguka kutwa nzima. Nyasi zinalainika, zinakatika, zinaingia kwenye vijia."

Walisugua shaba kwa mswaki wa zamani. Walitoa tope lililokauka kwenye rejeta, wakaweka maji yaliyochemshwa na kuchujwa kwa kitambaa. Safari hii walisubiri saa nzima, Wilbert akishika saa.

"Sitini na tisa!" alipiga kelele. "Imepona! Basi fomu iache hivyo hivyo. Nani atajua?"

"Nikiandika sitini na tisa, huenda wasituite," Kokuberwa alisema polepole.

"Huenda," mjomba akajibu. "Lakini sikiliza, mpwa wangu. Ulipoandika hamsini na nane, uliacha kutafuta kilichoharibika. Nyasi zilikaa humo siku tatu zaidi kwa sababu ya namba hiyo. Fundi anayejidanganya kwenye kipimo hawezi kutengeneza kitu. Tena watu wakimgundua mara moja, hata siku akisema kweli watapima upya."

Kokuberwa alichana karatasi katikati ya daftari, akaandika:

"Kwa waandaaji. Kipimo cha nyuzi 58 nilichotuma ni cha dakika tano, si cha saa moja. Nilijua hivyo nilipokiandika, naomba radhi. Baada ya matengenezo, kipimo cha saa moja ni nyuzi 69."

Kesho yake Mwalimu Edvina, mlezi wa klabu ya sayansi, aliisoma barua mara mbili. Alimtazama Kokuberwa, akatia sahihi yake chini, akamrudishia. Kokuberwa aliikunja, akaitia ndani ya bahasha, akalamba gundi na kuibana kwa kiganja. Saa kumi jioni aliikabidhi dirishani posta, itumwe Bukoba.