Rafu ya Nne

Asubuhi hiyo malori matano yalikuwa yamebana mlango wa ghala, wapakiaji wanapiga kelele, honi zinajibizana. Katikati ya vurugu hizo foklifti ya njano ilifunga breki ghafla, tairi likiwa hatua moja tu kutoka kwenye mguu wa mwanamume aliyebeba bunda la nyaya begani.

"Wewe kaka, umechoka kuishi?" dereva alifoka.

Fundi umeme aliinua macho. Aliona ovaroli ya buluu iliyokunjwa mikono, kitambaa chekundu kinachochungulia chini ya helmeti, na uso uliokasirika vizuri. Wapo watu wanaokasirika vizuri, tusidanganyane.

"Nilikuwa nimechoka, dada. Sasa hivi uchovu umeisha."

"Maneno weka mfukoni. Na hizo nyaya zisilale sakafuni. Zilizopo zinatosha kunivunja kiuno."

"Ndizo nimekuja kuziondoa. Nitaning'iniza trei za chuma juu, nyaya zote zikalale huko kama watu wenye adabu."

"Tutaona," alisema dereva, akakanyaga mafuta. Alikuwa anatabasamu, lakini alishampa mgongo.

Trei zilifika siku ya pili. Zilikuwa kama ngazi zilizolazwa, pande mbili ndefu za chuma na vipande vimekingama katikati. Fundi alizining'iniza moja baada ya nyingine, akazifunga bolti, akazipiga tupa kingo zote zisije zikachuna nyaya. Ghala lilinuka chuma kipya na maboksi makavu. Jua lilipopenya kwenye mabati ya kioo, kivuli cha ngazi hizo kilitandazwa sakafuni, na foklifti ilipopita juu yake ilionekana kama inapanda taratibu kwenda mahali, bila kuiacha ardhi. Fundi alikuwa anasimamisha kazi kuangalia. Kila mara.

Siku zikasonga, na kila mchana walikuwa wakipigiana simu, fundi akiwa juu ya jukwaa lake la kazi, dereva akiwa chini kwenye kiti chake.

"Umekula?"

"Nakula sasa. Wewe acha kunichungulia, utaanguka."

"Nikianguka utanidaka."

"Nina mikono miwili ya chuma hapa, inabeba tani mbili. Njoo."

Ikabaki trei moja, ile ya kuvuka njia kuu ya foklifti.

"Nipandishie mlingoti wa foklifti, nipime trei ikae juu kiasi gani isikuguse," fundi alisema.

Dereva alivuta mkono wa mashine. Mlingoti ukapanda, ukapita rafu ya kwanza, ya pili, ukafika ya tatu.

"Ukiendelea hivyo utanifikia, mpenzi."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. Dereva alicheka mpaka mkono ukaachia, na mlingoti ukasimama hapo hapo. Fundi naye akicheka alinyoosha futi kamba, akaongeza shibiri moja, akaandika kwenye daftari. Rafu za ghala lile ni nne. Hakuna aliyekumbuka.

Baada ya wiki mbili, fundi akiwa kwenye kazi nyingine upande wa pili wa mji, dereva alipeleka mzigo rafu ya nne. Mlingoti uliingia kwenye ile trei ya njia kuu. Chuma kikalia, cheche zikaruka, nusu ya ghala ikazimika.

Msimamizi alimpigia fundi, na simu aliiweka kwa sauti kubwa. "Trei yako iko chini. Nini kimetokea?"

"Kama iko chini, basi foklifti imeigonga. Trei haianguki yenyewe."

Dereva alikuwa amesimama palepale. Alisikia kila neno. Aliambiwa aende nyumbani asubiri barua, na barua za namna hiyo kila mtu anajua zinasema nini.

Fundi alimpigia dereva simu mara kumi na moja. Ya kumi na mbili ilipokelewa na mama mtu.

"Amelala."

"Mama, saa nne asubuhi?"

"Kwako amelala mpaka utakapozeeka."

Kesho yake alirudi ghalani kurekebisha. Alipima trei, akapima rafu, akafungua daftari. Akakaa chini kwenye sakafu. Namba ilikuwa ya rafu ya tatu, imeandikwa kwa mkono wa mtu anayecheka.

Aliingia ofisini kwa msimamizi na vumbi lake. "Dereva hana kosa. Nilipima vibaya."

"Unajua nikiandika hivyo, ile kazi ya ghala letu la pili hupati?"

"Andika."

Alifanya kazi siku tatu bila simu ya mchana. Ya nne asubuhi foklifti iliwaka. Kitambaa chekundu kilikuwa pale pale chini ya helmeti. Simu ya fundi ikaita.

"Shikamoo, fundi," dereva alisema kwa kejeli.

"Pandisha. Mpaka mwisho."

Mlingoti ulipanda polepole. Rafu ya tatu. Rafu ya nne. Fundi alilala kifudifudi juu ya jukwaa, akichungulia. Ukasimama shibiri mbili chini ya trei.

"Imepita," alisema.

"Nani alikutuma ukajichome kwa msimamizi?"

"Futi kamba."

Kicheko kidogo kilipita kwenye simu. "Mama ameapa hutakanyaga kwake."

"Nitakanyaga Jumamosi. Nitamwambia nataka kukuoa."

"Kwanza niambie mimi. Mimi ndiye ninayeolewa."

"Nataka nikuoe."

"Umepima vizuri safari hii?"

"Mpaka rafu ya nne."

Dereva alikata simu. Alishusha mlingoti taratibu, akazima injini, akavua helmeti. Ghala likatulia, vumbi likielea kwenye jua. Ndipo akasema ndiyo, kwa sauti ya kawaida tu, na fundi akamsikia kutoka juu kabisa.